Kidole Gumba, Barabara ya Kumi na Saba

Kibao kimeandikwa Wawa.
Nikacheka peke yangu kando ya lami,
kwa sababu kwa bibi yangu hilo ni neno la ngozi:
ukipita kwenye upupu, mwili huwawa,
ukisubiri pesa ya mtu, kiganja huwawa,
nawe hujikuna.

Hapa, wanasema, ni jina la bata bukini.
Wamemsimamisha wa chuma juu ya mji,
shingo mbele, mabawa wazi,
kama naye anaomba lifti
kabla baridi haijafunga njia.
Siku mbili tulisimama, yeye na mimi.
Yeye hana begi.

Nilikuwa na dola thelathini na nane,
mkate wa vipande, kopo la siagi ya karanga
niliyojipimia kama dawa ya kikohozi,
kijiko kimoja, kutwa mara tatu.
Na kipande cha boksi: THUNDER BAY.
Wino wa kuazima. Mvua ilikwisha kula herufi ya mwisho.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.
Sawa. Lakini hawakumwona Réjean Plourde
akikanyaga breki kwa ajili ya kidole kimoja,
magogo ya misonobari yakigugumia nyuma yake,
changarawe ikiruka,
mlango ukifunguka juu, mbali, kama wa darini.
Huyo ndiye aliyenileta mpaka hapa.
Saa tatu njiani, akasema maneno manane,
matano ya Kifaransa.

Baada yake, hakuna.
Nilihesabu magari mpaka mia mbili na kumi na tatu.
Mtoto mmoja alinipungia; baba yake akainamia redio.
Wengine, wakifika usawa wangu, walifunga milango:
tak.
Sauti ndogo. Mtu angeweza kuizoea.
Nilivua kofia ili wauone uso wangu.
Nikaivaa tena ili wasiuone.

Usiku nililala nyuma ya dobi la sarafu,
pale ukuta unapotema hewa ya moto
yenye harufu ya sabuni na shuka za watu.
Mama akapiga kutoka Muheza, kwao kumekucha.
Unakula?
Nakula.
Uko na nani?
Nikamtazama bukini kule juu, taa imempiga kifuani.
Niko na mwenzangu, mama.

Siku ya tatu, theluji.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
Aune Lahtinen wa kituo cha mafuta
hajawahi kuisikia methali hiyo,
lakini alitoka na beleshi,
hakusema pole, hakutabasamu,
akaninyooshea mpini.

Nilichota kuanzia pampu hadi barabarani.
Theluji ni kitu chepesi ukikitazama,
ukikibeba ni deni.
Vidole vilikufa, vikafufuka kwa maumivu,
na nilipomaliza, nyuma yangu
ilikuwa imekwisha kuanguka nyingine.

Akanipa supu ya njegere, bakuli zima, kisha la pili.
Akauliza nafuata nini Thunder Bay.
Kazi ya kuosha vyombo, nikasema,
kwa mtu anayemjua mtu.
Akageuka, akatazama sinki lake.
Nami nikalitazama. Masufuria hadi kwenye bomba.
Hakuna aliyesema kitu.

Nje, gari la samaki lilikuwa linajaza mafuta,
dereva wake mwanamke, mbwa kakaa kiti changu.
Aune akafungua dirisha, akapiga kelele
jina langu, au alichodhani ni jina langu,
na neno moja nililolielewa: mwepesi.

Nikapanda. Mbwa akasogea nusu.
Bukini akabaki kwenye kioo cha pembeni,
mdogo, mdogo zaidi, mabawa yale yale.
Ndipo kiganja kikaanza kuwawa.
Pesa hiyo, bibi angesema.
Nikakifungua kwenye mwanga wa dashibodi:
malengelenge mawili ya mpini,
yamejaa maji, hayajapasuka.